Barua ya Wazi kwa Afisa wa Turathi: Lile Rundo Si Kilima

Mheshimiwa Afisa,

Salamu na heshima. Najua una shughuli nyingi, ndiyo maana barua zangu za awali hazikujibiwa. Lakini juzi tingatinga la mkandarasi wa barabara limekula nusu ya rundo la mawe lililo juu ya laga, yaani mto wa msimu, na watoto wanaokota shanga za maganda ya mayai ya mbuni kwenye kifusi. Kwani vilima vya asili siku hizi huvaa shanga?

Barazani, mbele ya chifu na wazee, ulituahidi kwamba mtaalamu angetembea njia yote kabla mashine hazijaingia. Tukakupigia makofi. Leo karatasi ya mkandarasi inasema pale pana "mwinuko wa asili". Aliyeandika sidhani kama alishuka garini.

Angeshuka, angeona. Miinuko yetu ya asili ni mwamba uliopasuka: mawe makubwa kwa madogo yamelala ovyo, na ukichimba unakutana na mwamba uleule. Kokoto za mafuriko ni laini, zimefuata mkondo. Kichuguu ni udongo. Lile rundo ni mawe meusi ya volkeno juu ya mchanga usio na jiwe la aina hiyo, kila moja la kubebwa na mtu mmoja au wawili. Pembeni yamesimamishwa kwa duara, katikati pamebonyea. Mvua haipangi duara, Mheshimiwa.

Hata Lothagam Kaskazini, kando ya Ziwa Turkana, mpita njia angeona mawe tu. Watafiti walikuta kaburi la wafugaji wa kati ya miaka 5,000 na 4,300 iliyopita: watu wasiopungua 580, watoto kwa wazee, karibu kila mmoja na mapambo yake.

Mimi nilikuwa mshika bendera kwenye barabara hiyo. Niliposema wasimame, kibarua kikaota nyasi, na sasa naitwa mpinga maendeleo. Mimi! Ambaye mke wangu alijifungulia njiani kwa ubovu wa barabara! Nashuku mawe yale yamependwa kwa sababu yako karibu. Kokoto za kununua zina gharama.

Sheria ya turathi ya 2006 unaijua kuliko mimi, ulitusomea mwenyewe.

Simamisha tingatinga. Nusu bado ipo. Mlete mtu wa Makumbusho ya Taifa. Akisema ni kilima, nitapakia mawe kwa mikono yangu, bila malipo. Ila kwanza simamisha tingatinga. Jumatatu linarudi.

Wako mtiifu, bado,
Aliyekuwa mshika bendera