Kisu kijaribiwe kabla fundi hajalipwa

Ndugu mhariri, naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niongelee visu. Mimi ni mpishi wa shughuli hapa Tanga mwaka wa 18 huu, na kwenye kazi yetu watu wanaumizwa na visu butu kuliko visu vikali, hilo naliona kila msimu wa harusi.

Juzi tulikuwa na pilau la harusi, vitunguu gunia zima, tumekaa kwenye mkeka kinamama saba na visu vyote nilivipeleka jana yake kwa fundi mmoja anayenoa kwa mashine. Akavipitisha kwenye jiwe cheche zikaruka, akachukua kipande cha boksi akakikata mbele yangu, nikaridhika nikatoa hela nikaondoka. Asubuhi hata ndoo ya kwanza haijajaa visu havikati tena, binti wa jirani yangu akawa anakandamiza kwa nguvu, kisu kikateleza kwenye ganda la kitunguu kikamwingia kidole cha shahada mpaka akashonwa nyuzi tatu zahanati. Kwakweli niliumia sana mana visu ni vyangu na mimi ndio niliyempa.

Jamani boksi sio kipimo. Boksi ni gumu, kisu chenye makali ya hovyo hovyo kinalikwaruza kama msumeno na linakatika, mtu unaona kimenolewa. Chukua gazeti, tena ukurasa mmoja tu, ushike kwa juu uning'inie halafu ukate hewani. Karatasi ya gazeti ni laini, kisu butu kinaikunja au kinaichana. Na kuna kitu watu hawakijui, gazeti lina upande, ukilichana kwa mkono upande mmoja linakwenda mstari ulionyooka na upande mwingine linakwenda zigizaga, ni kwa sababu nyuzi za karatasi zimelala upande mmoja. Sasa wewe jaribu kisu kwenye ule upande mgumu, wa zigizaga, na uanze makali ya karibu na mpini mpaka kwenye ncha, pale pale kinapokwama ndipo hapajanolewa. Mafundi wengi panapowashinda ni karibu na mpini.

Nyanya iliyoiva nayo ni kipimo kizuri, weka kisu juu ya ngozi yake ukivute bila kukandamiza, kikali kinaingia chenyewe na kibutu kinabonyeza mpaka maji yanatoka. Au tumia kucha ya dole gumba, unaegesha makali juu ya kucha kwa kuyalaza kidogo, bila nguvu yoyote, yakinasa ni makali na yakiteleza ni butu. Ila wale wanaopitisha kidole kwa urefu wa makali toka mpini mpaka ncha nawaomba waache kabisa, huko ndiko kujikata. Usiku kama huna hata gazeti, geuza makali yakuangalie chini ya taa, makali mazuri huyaoni yanang'aa, ukiona kimstari cheupe au vidoa vya mwanga basi hapo pamekufa.

Lakini kilichoniponza mimi ni kingine. Mashine ikinoa inaacha chuma chembamba kimejikunja ukingoni kama kiuzi, siku hiyo kisu kinakata vizuri tu, alafu ukikifanyia kazi kidogo kile kiuzi kinalala au kinakatika na makali yanakwenda nacho. Kipimo chake ni pamba. Ipitishe taratibu kutoka kwenye ubapa kwenda nje ya makali, pande zote mbili, ikinasa nyuzi nyuzi mrudishie fundi akiondoe kwenye jiwe laini. Na ukiona ukingo umekuwa na rangi ya bluu ujue chuma kimeungua kwa moto wa mashine, hapo makali hayakai tena mpaka ile sehemu yote iondolewe.

Nawasemesha pia wanaotuchinjia kuku na mbuzi kwenye shughuli zetu. Hadithi ya Mtume Muhammad aliyoipokea sahaba wake Shaddad bin Aws tumesomeshwa tangu madrasa, kwamba mwenye kuchinja anoe kisu chake na ampumzishe mnyama. Sasa mtu anakuja na kisu hajakijaribu popote, anamsuguasugua mbuzi wa watu shingoni, yani mpaka unageuza uso. Gazeti moja tu lingemwambia, na akakijaribie pembeni mnyama asione.

Mimi siku hizi nikienda kwa fundi nakwenda na gazeti la jana, nyanya moja na pamba kwenye mkoba. Najaribu kisu kimoja kimoja pale pale mbele yake, toka mpini mpaka ncha, na hela natoa nikishamaliza cha mwisho.

Ni mimi mpishi wa shughuli,
Tanga.