Ushahidi wa kaka mbele ya Mahakama ya Rufani

Chumbageni, Tanga

Ndugu yangu Salehe,

Salamu nyingi, na mama mfikishie shikamoo yangu. Mwenendo wa kesi ya mauaji ya kaka na hukumu iliyomtia hatiani vimenifikia na nimevisoma vyote. Najua hapo Pangani hamlali, kwa hiyo naingia moja kwa moja kwenye jambo lenyewe.

Unauliza kama kaka atapanda tena kizimbani ajieleze upya mbele ya majaji watatu. Hapana. Mahakama ya Rufani ikija kukaa Tanga ataletwa kutoka gereza la Maweni, lakini siku hiyo ni ya hoja za mawakili. Majaji watasoma kile alichoandika jaji wa Mahakama Kuu wakati kaka anajitetea. Kumbukumbu hiyo ndiyo inayoaminiwa, na ushahidi mpya hupokelewa kwa nadra sana. Ndiyo maana wenzake gerezani wanaomshauri adai kuwa usiku ule hakuwepo kabisa wanamwangamiza. Alikwisha kuapa kwamba alikuwepo, kwamba marehemu alimjia na panga, naye akanyanyua kasia akampiga mara moja. Tena utetezi wa kutokuwepo hutolewa taarifa kabla kesi haijaanza kusikilizwa, au angalau kabla Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, haijafunga ushahidi wake. Mwambie asibadilishe hata neno moja.

Maneno yake yana nguvu kuliko mnavyodhani. Katika kosa la mauaji Jamhuri lazima ithibitishe dhamira ovu, yaani nia ya kuua au kudhuru vibaya, na Mahakama huitafuta kwa kutazama aina na ukubwa wa silaha, nguvu iliyotumika, sehemu ya mwili iliyopigwa, idadi ya mapigo, majeraha yenyewe, maneno ya mshtakiwa, na alivyoenenda kabla na baada ya tukio. Taarifa ya daktari inataja jeraha moja, sawasawa na pigo moja alilolisema kaka. Kasia lilikuwa ndani ya ngalawa, hakulifuata nyumbani. Baada ya hapo alikwenda mwenyewe kwa mwenyekiti wa kitongoji. Lakini pigo lilikuwa la kichwani, na hapo wakili wa serikali atang'ang'ania.

Kinachonitia wasiwasi ni panga. Soma maswali ya dodoso, yaani yale ambayo upande wetu ulimhoji shahidi wa pili wa Jamhuri, yule aliyesema ameona kila kitu. Wakili wa kaka hakumuuliza chochote kuhusu panga. Ukiacha kumdodosa shahidi kwenye jambo la msingi, huhesabiwa kuwa umeyakubali aliyoyasema, na utetezi unaokuja kuzuka baadaye huonekana umetungwa. Hili litatajwa, sina shaka.

Sasa tazama maelezo ya onyo, yale kaka aliyoyatoa polisi baada ya kuonywa kwamba yanaweza kutumika dhidi yake. Kisheria huchukuliwa ndani ya saa 4 tangu mtu awekwe chini ya ulinzi, isipokuwa muda umeongezwa, na ya kaka yalichukuliwa kesho yake bila nyongeza yoyote kuonekana kwenye kumbukumbu. Wakili mpya atatamani kuomba yaondolewe. Mwombe asikimbilie huko. Kwanza, maelezo hayo yalipotolewa mahakamani hayakupingwa, na pingamizi la aina hiyo mahali pake ni pale pale. Pili, na hili ndilo kubwa, panga limetajwa humo! Hicho ni kielelezo cha Jamhuri yenyewe, kinachoonyesha kwamba kaka alilisema panga tangu mwanzo. Wakikiondoa, wanaondoa jibu la hoja kwamba habari ya panga imetungwa. Wala kaka hana mzigo wa kuthibitisha kuwa panga lilikuwepo. Inatosha maneno yake yakizua shaka ya maana.

Hukumu nayo ina kasoro. Jaji alimwamini shahidi wa pili kwanza, ndipo akaumaliza utetezi kwa mistari mitatu. Tangu 1986 Mahakama ya Rufani imesema ni kosa kubwa kuupima ushahidi wa mashtaka peke yake na kuuamini kabla ya kuutazama utetezi. Ila kasoro hiyo peke yake haimtoi mtu gerezani, kwa kuwa rufaa ya kwanza ni kama kusikiliza upya, na majaji wanaweza kuupima utetezi wao wenyewe. Kwa hiyo sababu ya rufaa iendelee mbele: utetezi ungepimwa, Mahakama ingeona mtu aliyejihami, au kwa uchache aliyejihami kwa nguvu iliyopita kiasi. Hilo la pili ni kuua bila kukusudia. Kosa hilo adhabu yake ya juu ni kifungo cha maisha, na jaji ana nafasi ya kutoa pungufu. Mauaji ya kukusudia kwa mtu mzima ni kunyongwa tu.

Notisi ya rufaa ilitakiwa ndani ya siku 30 tangu hukumu, na fomu aliyoijaza gerezani kwa mkuu wa gereza inatosha. Sababu za rufaa ni ndani ya siku 21 tangu akabidhiwe kumbukumbu ya rufaa, yaani nakala ya mwenendo na hukumu iliyoandaliwa kwa ajili ya rufaa. Mwulize kaka alisaini kuipokea tarehe gani, unijulishe upesi. Nitumie pia kurasa za maelezo ya onyo. Nakala niliyonayo imefifia palepale penye habari ya panga.

Wasalaam,
Omari