Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Shughuli za kawaida mnazijua: kamati ilikutana, mechi tulitazama pamoja, harusi na misiba tulichangiana. Mapato Sh86,500, matumizi Sh71,200, salio Sh15,300. Deni la ukumbi halimo humo.

Sasa lile lililoleta maneno. Mmeuliza kwa nini mhadhara wa mwaka ulimhusu Dickie Jeeps, mchezaji wa raga wa Uingereza, badala ya mchezaji wa hapa kwetu Kenya. Uamuzi ulikuwa wa kamati nzima, ingawa wazo lilikuwa langu na bado ninalisimamia. Jeeps, mkulima wa matunda aliyezaliwa 1931, alikuwa nambari 9 wa klabu ya Northampton, yaani yule anayeutoa mpira kwa mafowadi na kuwapasia wa nyuma. Mwaka 1955 British Lions, timu ya pamoja ya wachezaji bora wa Uingereza na Ireland, walimpeleka Afrika Kusini kabla hajaichezea England hata mara moja, akacheza Test (mechi kuu za kimataifa) zote 4, kila upande ukashinda 2. Walipokuwa wakirejea kwao, Lions hao walipitia Nairobi wakaichapa timu ya Afrika Mashariki 39-12. Anayesema habari hizi hazituhusu aanze kwa kunijibu hapo.

Pasi ya nambari 9 enzi zile ilikuwa kujirusha mwili mzima, mpira utoke kabla hujaangukia kifua, na mafowadi wa upande wa pili wakufuate huko huko chini. Jeeps alivumilia hayo ili Cliff Morgan wa Wales, nambari 10 wa Lions anayepokea pasi hiyo, apate nafasi. Mwaka 1957 England ilitwaa Grand Slam, yaani iliwashinda wapinzani wote wa mashindano ya mataifa ya Ulaya, ya kwanza tangu 1928, naye akiwemo. Mechi 24 za England, 13 kati ya hizo akiwa nahodha. Test 13 za Lions, na hakuna Mwingereza aliyemfikia. Raga ilikuwa ya ridhaa, hakulipwa mshahara. Baadaye aliongoza Baraza la Michezo la huko kwao, 1978 hadi 1985, kwa hiyo lawama za uenyekiti naye alizionja. Alifariki 2016.

Siku ya mhadhara tulikodi viti 60, wakaja watu 14, wawili wakiwa wapishi. Waliopinga kwa sauti kubwa sikuwaona. Wanachama 41 kati ya 64 hawajalipa ada, na baadhi yao ndio wanaolalamika.

Mwakani, Mungu akipenda, tutatafuta mfadhili, tufanye safari, na huenda tukamuenzi mchezaji wa hapa, mradi jina liletwe kwa maandishi na mtu aliyelipa ada. Mweka hazina yuko mlangoni na kitabu cha risiti.

Mwenyekiti