Yule mdudu wetu wa Rubeho alipata jina gani?

Mhariri, mbukwenyi huko ofisini na poleni na kazi. Mi ni msomaji wa hapa Dodoma, nakaa Nkuhungu ila kwetu ni Mpwapwa, pande za Kibakwe. Naandika kuhusu kitu kidogo, kidogo kweli, hakifiki hata urefu wa punje ya mchele.

Kuna kipindi nilipata kibarua cha kubeba mizigo ya watafiti waliokuwa wanapanda msitu wa milima ya Rubeho. Kijijini wote tulijua wanafuata madini, si unajua tena mgeni akionekana na koleo. Kumbe wanazoa majani makavu! Wanayatia kwenye chekeche kubwa lenye mfuko chini, wanachekecha kama mama anachekecha unga, wakifika kambini yale machekecho wanamwaga kwenye faneli juu kuna taa, majani yakishapata joto na kukauka wadudu wanakimbilia chini na chini kuna kichupa cha spiriti.

Mmoja akaniita nione. Mbawakawa mwembamba wa rangi ya kahawia, mabawa yake magumu mafupi kama mtu kavaa koti la mdogo wake, tumbo lote liko nje. Alikuwa bado hai, ukimgusa anabinua mkia kama nge ila mwiba hana. Nikaruka nyuma, maana nikadhani ni wale wanaofuata taa wakati wa mvua, ukimponda shingoni kesho yake una malengelenge. Yule bwana akacheka, akasema ni ukoo mmoja, unaitwa Staphylinidae, una aina zaidi ya 60,000 zenye majina tayari na wanaounguza ni wachache tu, wengi wao wanajilia vibuu na utitiri kwenye majani yanayooza.

Kilichonishangaza ni kwamba huyu hakuwa na mabawa ya ndani ya kurukia. Sasa fikiria, ashuke Rubeho akatize lile bonde la jua aende Ukaguru kwa miguu? Hafiki. Ndo maana akasema kila mlima unaweza kuwa na wa kwake ambao hawapo kwingine popote duniani.

Ila kumpa jina sio mchezo. Wanampima, wanahesabu vinywele, na kwa kuwa ndugu zake wanafanana kama mapacha inabidi wapasue dume waangalie kiungo chake cha uzazi kwa hadubini, hapo ndo tofauti inaonekana. Halafu wanalinganisha na wale wa zamani waliotunzwa kwenye makumbusho, mengi yako Ulaya, London, Berlin huko. Mdudu mmoja ndo anachaguliwa kubeba jina, anatunzwa miaka na miaka.

Mwaka 1991 kule Udzungwa watafiti walishtukia miguu ya ndege kwenye sufuria ya mboga kambini kwao, kumbe ni kwale ambaye sayansi ilikuwa haimjui. Kwale utamuona hata kwenye mchuzi, lakini mdudu wa milimita nne nani atamuona asipoandikwa?

Sasa kilio changu. Kichupa kiliondoka, na sisi tuliobeba chekeche hatujasikia lolote mpaka leo. Huenda ameshapewa jina la Kilatini kwenye jarida ambalo hata ningelipata nisingelielewa. Sidai hela, nimeshalipwa. Nadai ukurasa mmoja tu wa Kiswahili urudi kijijini wenye picha yake, na nyie mhariri mkisikia kuna mdudu mpya milimani kwetu mtuandikie, msijaze siasa tu kila siku.

Mjomba wangu ndo aliyewaonyesha lile korongo, nikienda nyumbani lazima aniulize, "Vipi, Kikoti kapata jina?" Kikoti ndo jina tulilompa sisi pale kambini.

Msomaji wenu,
Nkuhungu, Dodoma