Taarifa ya Mwaka 2025 ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Wilaya ya Columbia na Madai ya Hadhi ya Jimbo

Ndugu wanachama,

Katiba ya chama chetu inamtaka mwenyekiti awaeleze wanachama, kila mwisho wa mwaka, kazi iliyofanyika na hali ya jambo tunalolipigania. Mwaka huu haukuwa wa ushindi. Ulikuwa mwaka ambao wakazi wa Washington, yaani Wilaya ya Columbia, walishuhudia madaraka ya kujitawala waliyopewa kwa sheria ya mwaka 1973 yakibanwa mara mbili, kwanza mwezi Machi kupitia sheria ya matumizi ya serikali, kisha mwezi Agosti kwa amri ya Rais. Nitayaeleza mambo hayo mawili kwa kirefu, kwa sababu yanajibu swali ambalo baadhi yenu mmelileta kwenye kamati: je, huu ni wakati wa kuendelea kudai Wilaya iwe jimbo la Marekani, au tunyamaze kwanza ili tusipoteze hata kidogo tulicho nacho?

Naanza na wanachama wapya, ambao wengi wametoka Kenya, Tanzania, Kongo na Burundi, na ambao huuliza inawezekanaje makao makuu ya taifa hili yakose mbunge mwenye kura. Swali lao ni la haki. Mtu aliyekulia Nairobi amezoea mji mkuu wenye gavana, seneta na wabunge 17 wa majimbo ya uchaguzi, na mkazi wa Dodoma humchagua mbunge wake sawasawa na mkazi wa Mtwara. Hapa, Ibara ya Kwanza ya Katiba ya Marekani inaipa Kongresi, yaani bunge la taifa, mamlaka ya pekee ya kutunga sheria juu ya wilaya ya makao makuu, isiyozidi maili kumi kwa kumi, na tangu Kongresi iliposhika mamlaka hayo rasmi mwaka 1801, wakazi walipoteza kura walizokuwa wakipiga wakiwa raia wa Maryland na Virginia. Kura ya Rais ilipatikana mwaka 1961 kwa marekebisho ya 23 ya Katiba. Katika Baraza la Wawakilishi tuna mjumbe mmoja, Bi. Eleanor Holmes Norton, aliye kwenye kiti hicho tangu mwaka 1991, ambaye anaweza kuwasilisha miswada na kuichangia lakini hapigi kura ya mwisho ya kuipitisha. Katika Seneti hatuna mtu. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu wakazi 689,545 katika Wilaya yetu, ilhali Wyoming ilikuwa na watu 576,851 na Vermont 643,077, na kila moja kati ya majimbo hayo ina maseneta wawili. Kodi ya mapato ya serikali kuu tunailipa kama watu wote, na ikigawanywa kwa idadi ya watu, hakuna jimbo linalotuzidi.

Sasa nije kwenye bajeti. Serikali ya Wilaya hukusanya sehemu kubwa ya fedha zake yenyewe, kutokana na kodi za nyumba, mapato na mauzo, kama linavyofanya jimbo lolote. Hata hivyo bajeti hiyo, ikishapitishwa na Baraza la Jiji na kutiwa saini na Meya, bado hupelekwa Kongresi pamoja na bajeti za idara za serikali kuu. Miaka iliyopita, kila Kongresi ilipochelewa kupitisha bajeti ya taifa na kutumia sheria ya muda, iliweka kifungu kinachoiruhusu Wilaya kutumia fedha zake kwa kiwango cha mwaka husika. Mwezi Machi kifungu hicho kiliachwa nje. Wilaya ikajikuta, karibu nusu ya mwaka wa fedha ikiwa imekwisha kupita, imerudishwa kwenye kiwango cha mwaka uliotangulia, na pengo la takriban dola bilioni 1. Serikali kuu haikuokoa hata senti moja kwa hatua hiyo, kwa sababu fedha zenyewe ni za walipa kodi wa hapa na zilikuwa zimeshakusanywa. Seneti ilikubali usiku ule ule kurekebisha jambo hilo bila kupingwa, lakini Baraza la Wawakilishi halikuuleta muswada huo ukumbini. Meya Muriel Bowser alitumia sheria ya mwaka 2009 kupunguza sehemu ya pengo, akasimamisha ajira mpya na malipo ya saa za ziada, na mwaka ukaisha kwa kubana matumizi.

Nimelieleza hilo kwa urefu kwa sababu ndilo lililowafungua macho watu wengi zaidi ya hotuba zetu zote. Katika mikutano ya wazazi, walimu na wenye maduka ya Georgia Avenue tuliyohudhuria majira ya kuchipua, hatukuhitaji kuanza na historia ya mwaka 1801. Watu walikuwa tayari wanauliza kwa nini shule ya mtoto wao imeingia mashakani kwa fedha walizotoa wenyewe.

Kisha ikaja Agosti. Tarehe 11 Rais Donald Trump alitangaza hali ya dharura ya uhalifu katika Wilaya na kutumia kifungu cha 740 cha Sheria ya Kujitawala, kinachomruhusu kuagiza polisi wa Wilaya wafanye kazi kwa mahitaji ya serikali kuu kwa muda usiozidi siku 30, isipokuwa Kongresi iongeze. Hakuna rais aliyewahi kukitumia kifungu hicho kwa namna hiyo tangu sheria ipite. Mwanzoni mwa mwaka, ofisi ya mwendesha mashtaka ya serikali kuu yenyewe ilikuwa imetangaza kwamba uhalifu wa kutumia nguvu mwaka 2024 ulishuka hadi kiwango cha chini kabisa katika zaidi ya miaka 30. Askari wa Walinzi wa Taifa, yaani jeshi la akiba, waliingizwa mitaani, na magavana wa majimbo kadhaa, wakiwemo wa West Virginia, South Carolina na Ohio, wakatuma wao pia. Hapa naomba tutazame jambo moja kwa makini. Gavana wa Ohio ndiye mkuu wa Walinzi wa Ohio. Meya wetu hana amri yoyote juu ya Walinzi wa Wilaya. Wanamtii Rais moja kwa moja, na ndivyo ilivyokuwa pia tarehe 6 Januari 2021, wakati Jengo la Kongresi lilipovamiwa na Meya akalazimika kuomba msaada badala ya kuuamuru.

Ilipotangazwa kwamba mkuu wa idara ya kupambana na dawa za kulevya ya serikali kuu angeshika madaraka ya mkuu wa polisi wetu, Mwanasheria Mkuu wa Wilaya, Bw. Brian Schwalb, alifungua kesi kesho yake, na siku hiyo hiyo serikali kuu ikaiandika upya amri yake. Siku 30 zilikwisha tarehe 10 Septemba bila kuongezwa na Kongresi, ila askari walibaki. Tarehe 20 Novemba Jaji Jia Cobb wa mahakama ya serikali kuu aliamua kwamba kuwekwa kwao kulikiuka sheria, akausimamisha uamuzi wake kwa muda ili kutoa nafasi ya rufaa, na mahakama ya rufaa ikaruhusu waendelee kuwapo wakati shauri likisikilizwa. Siku chache baada ya uamuzi wa Jaji Cobb, askari wawili kutoka West Virginia walipigwa risasi katikati ya mji na mmoja wao akafariki. Chama chetu kilituma rambirambi, na nazirudia hapa kwa moyo wote. Kijana yule hakuwa adui wa mtu yeyote wa Washington.

Kwa wanachama wetu wengi, Agosti haikuwa habari ya magazeti. Madereva wa teksi na wanaotunza wazee majumbani, ambao hurudi nyumbani usiku wa manane, walikuta vizuizi barabarani ambako polisi wa Wilaya walisimama bega kwa bega na maofisa wa uhamiaji. Mama mmoja mwanachama, mkazi wa kudumu kwa miaka mingi, alikuja kwenye kikao cha kamati na bahasha ya plastiki iliyokunjwa mara mbili. Ndani yake mlikuwa na kadi yake ya ukazi, nakala ya mkataba wa nyumba na barua ya mwajiri. Alisema huivaa shingoni chini ya kanzu kila anapokwenda zamu. Meya aliyempigia kura hakuwa na uwezo wa kumwondolea bahasha ile.

Ndiyo maana siwezi kukubaliana na wanaosema tunyamaze. Nawaheshimu, kwa sababu wanasema hivyo kwa hofu ya kweli: wapo wawakilishi waliowasilisha miswada ya kuifuta kabisa Sheria ya Kujitawala, na wanahofu kwamba kelele zetu zitawachokoza. Lakini hatukuwa tumepiga kelele mwezi Machi. Madaraka tuliyo nayo ni ya kuazima, na wahenga walishasema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Sheria za Baraza la Jiji hukaa Kongresi siku 30 za vikao, na za jinai siku 60, kabla ya kuanza kutumika. Mwaka 2023 Kongresi iliitengua kanuni mpya ya makosa ya jinai iliyofanyiwa kazi kwa miaka mingi. Majaji wetu huteuliwa na Rais, na watu wazima wanaotuhumiwa kwa makosa makubwa hushtakiwa na wakili wa serikali kuu ambaye hatukumchagua. Kulinda hali hii pekee ni kulinda mlango ambao ufunguo wake uko kwa mtu mwingine.

Muswada tunaouunga mkono unajulikana kwa namba 51, na Bi. Norton aliuwasilisha tena mwezi Januari. Ungezifanya kata zetu nane kuwa jimbo la 51, kwa jina la Washington, Douglass Commonwealth, kumuenzi Frederick Douglass, mpigania uhuru wa watumwa aliyeishi mtaa wa Anacostia hapa mjini hadi kufa kwake, na ungebakiza wilaya ndogo ya serikali kuu yenye Ikulu, Jengo la Kongresi, Mahakama ya Juu na uwanja wa National Mall. Wapinzani husema waasisi walitaka makao ya serikali yasiwe ndani ya jimbo lolote, nasi hujibu kwamba hayatakuwa: Katiba imeweka ukomo wa ukubwa wa wilaya, haikuweka ukomo wa udogo, na Kongresi yenyewe iliipunguza mwaka 1846 ilipoirudisha Alexandria kwa Virginia. Baraza la Wawakilishi liliupitisha muswada mwaka 2020 kwa kura 232 dhidi ya 180, na mwaka 2021 kwa kura 216 dhidi ya 208. Seneti haijawahi kuupigia kura, na katika Kongresi ya sasa hatutarajii upite. Pendekezo la kuirudisha Wilaya kwa Maryland tumelijadili tena na kulikataa. Wakazi wa hapa hawajaliomba, ilhali mwaka 2016 asilimia 86 hivi ya waliopiga kura walitaka jimbo.

Kazi yetu kuu ilikuwa kuzungumza na watu wa majimbo mengine, maana kura tunazozihitaji ziko mikononi mwa maseneta wao. Tuliwaandikia ndugu na jamaa wanaoishi Minnesota, Texas na Ohio, tukiwaomba wawapigie simu maseneta wao. Sisi wenyewe tulipokwenda kwenye ofisi moja ya Seneti, kijana wa mapokezi alituuliza kwa adabu tunatoka jimbo gani ili atuelekeze kwa seneta wetu. Tulipomjibu, alikaa kimya, akaangalia fomu yake, kisha akaacha nafasi ile wazi. Nawaomba wote mnaokwenda huko muijaze fomu ile vivyo hivyo, kwa majina kamili na anwani za Washington.

Kuhusu fedha, mweka hazina atasoma hesabu zilizokaguliwa. Ada zililipwa vizuri kuliko nilivyotarajia katika mwaka mgumu, na matumizi makubwa yalikuwa uchapishaji na ukodishaji wa ukumbi.

Mwaka 2026 Wilaya itachagua Meya mpya, kwa kuwa Bi. Bowser ametangaza hatagombea tena. Sheria ya mwaka 2022 inawaruhusu wakazi wasio raia kupiga kura katika uchaguzi wa viongozi wa Wilaya. Mwezi Juni Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada wa kuifuta, lakini Seneti haijaupitisha, hivyo haki hiyo bado ipo. Asiye raia asipige kura ya mjumbe wa Kongresi wala ya Rais kwa hali yoyote, na anayetarajia kuomba uraia azungumze na wakili kabla ya kujiandikisha. Kamati itaandaa kikao cha ana kwa ana na wagombea wote wa umeya, kwa Kiswahili chenye mkalimani, na kila mmoja ataulizwa atafanya nini siku Rais atakapokitumia tena kifungu cha 740. Majibu yao tutayachapisha kama walivyoyatoa. Wanaotaka kusaidia uandikishaji wa wapiga kura wajiorodheshe kwa katibu kabla ya mwisho wa Januari, wakitaja kata wanayoishi na lugha nyingine wanazozungumza, maana Kata ya 4 inahitaji pia wanaojua Kilingala na Kifaransa.

Wenu katika utumishi,
Mwenyekiti