Bia isiyo na kilevi inasaidia, lakini lebo isomwe

Mhariri,

Naomba nafasi niseme neno kwa wenzangu wanaojaribu kupunguza pombe. Kwa miaka mingi nilikuwa nikitoka kazini naingia baa, na nilipoamua kupunguza niligundua kwamba kilichonishinda zaidi ni ile chupa ya baridi inayotoka jasho mezani pamoja na mazungumzo ya rafiki zangu. Sasa chupa mbili za kwanza naagiza zisizo na kilevi, na mara nyingi sifiki ya tatu.

Hata hivyo, lebo isomwe. Marekani na katika nchi nyingi za Ulaya, bia huweza kuitwa isiyo na kilevi hata ikiwa na kiasi kinachokaribia asilimia 0.5, na kwa aliyeacha kabisa, au anayekatazwa na dini yake, hilo si jambo dogo. Wapo pia ambao harufu na povu huwaamshia hamu. Hao heri chai ya tangawizi. Naye anayetetemeka mikono asubuhi asipokunywa asiache ghafla peke yake, bali amwone daktari kwanza, kwa sababu anaweza kupatwa na degedege na hata kufa.

Wenye baa nao nawaomba waziweke kwenye friji, kwani ninapoagiza yangu mhudumu huniletea ya moto, imejaa vumbi.

Msomaji wako,
Morogoro