Mhariri, ile reli ya Colmar hadi Freiburg haipo

Mhariri, naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua, na sio kwa ubaya. Juzi kwenye safu yenu ya safari mliandika kuhusu lile eneo ambapo Ufaransa, Ujerumani na Uswisi zinakutana kwenye mto Rhine, na makala ilikuwa tamu kwa kweli, zile nyumba za Colmar, upande wa Ufaransa, za rangi rangi na maua madirishani mtu akiziona anatamani akate tiketi hapohapo. Ila mmemwambia msomaji apange chumba Colmar "kwa sababu iko katikati", alafu chini mkaweka ramani ina mstari wa reli umenyooka kutoka Colmar, unavuka mto, unaingia Freiburg ya Ujerumani. Mhariri, hiyo reli haipo. Nina uhakika haipo kwa sababu niliitafuta mwenyewe.

Tulikuwa wawili, mimi na shemeji yangu. Tulilipia hoteli Colmar usiku sita, zile bei za hela hairudi maana ndo zilikuwa nafuu, na mpango ulikuwa asubuhi treni jioni kitandani, kila siku mji mwingine. Siku ya pili tukasema leo Freiburg, ukiangalia ramani ni pua na mdomo, kama kilomita arobaini tu upande wa mashariki. Tumefika stesheni natafuta treni kwenye simu, simu inanipeleka kusini mpaka Basel ya Uswisi, nibadilishe treni, nipande tena kaskazini. Shemeji akachungulia akasema, "Shem, hiyo simu yako imechoka, tunaenda mashariki inatupeleka kusini kufanya nini?" Nikaweka upya, ikaja njia nyingine, hii inapanda kaskazini mpaka Strasbourg, bado Ufaransa, inavuka mto mpaka Offenburg ya Ujerumani, alafu inashuka Freiburg. Tukaenda dirishani. Mama wa pale wala hakubishana na sisi, inaonekana tulikuwa sio wa kwanza, alichukua kikaratasi akachora mstari, akachora mto, akachora mstari mwingine ng'ambo, na pale katikati juu ya maji akaweka alama ya X.

Daraja la reli la Breisach, mji wa Ujerumani ukingoni mwa mto, lilivunjwa mwaka 1945 vita vikielekea mwisho, na mpaka leo halijarudishwa, lililopo ni la barabara. Kwahiyo treni kutoka Freiburg inakuja vizuri tu mpaka Breisach inafia hapo ukingoni, na upande wa Colmar unapanda basi. Wakubwa wa nchi hizo mbili wanalijua, kwenye mkataba wao wa Aachen wa Januari 2019 reli ya Colmar na Freiburg iliwekwa kwenye orodha ya mambo ya kushughulikiwa kwanza, lakini ukifika leo utapanda basi.

Na basi lenyewe kwenda sio baya, linapita Neuf-Brisach, kale kamji ka ngome chenye umbo la nyota ambako Vauban, injinia wa ngome, alimjengea mfalme Louis wa 14. Kasheshe ni kurudi. Tulizunguka Freiburg tukajisahau, tukafika Breisach jioni, basi la mwisho limeshaondoka. Tukasimama pale unaiona Ufaransa kwa macho, taa zinawaka ng'ambo, na huwezi kufika. Ikabidi turudi Freiburg, tushuke Basel, tupande tena Colmar, tumeingia hotelini karibu saa sita ya usiku na shemeji hakusema neno tangu Mulhouse, na mtu anayemjua shemeji anajua hiyo ni adhabu.

Sasa ninachotaka kusema ni hiki, mtu anayetembea kwa treni asichague mji wa kulala kwa kupima na rula wala kwa uzuri wa mji. Colmar nzuri, nenda, ingia makumbusho ya Unterlinden ukaone ile picha ya madhabahu ya Isenheim, kula, piga picha, ondoka. Lakini Colmar iko juu ya njia moja tu kubwa, ya kaskazini na kusini, kila unakoenda unaanza kwa kupanda au kushuka njia ileile. Mtu wa treni analala kwenye fundo, pale njia nyingi zinapofungana, na kwa eneo hilo fundo langu mimi ni Strasbourg.

Hesabu mwenyewe. Kusini, Colmar ni kama nusu saa na Basel ni saa moja na dakika ishirini hivi, zile treni wanaziita TER 200 kwa sababu zinafika kilomita 200 kwa saa. Kaskazini kuna Wissembourg, mpakani kabisa, saa moja. Kuna njia ndogo ya Molsheim na Obernai inayopita kwenye mashamba ya zabibu chini ya milima ya Vosges, polepole, inasimama kila mahali, hiyo ndo niliipenda kuliko zote. Magharibi Saverne, Metz, na Paris yenyewe chini ya saa mbili kwa TGV, treni yao ya kasi. Mashariki unavuka mto unaingia mji wa Kehl, na ndani ya nusu saa uko Offenburg, na Offenburg ndo mlango wa Ujerumani upande huo, unashika reli kubwa ya kwenda Karlsruhe au Freiburg, au unapanda ile reli ya Schwarzwald, Msitu Mweusi, inayojizungusha milimani na mahandaki yake kupita Triberg mpaka Konstanz kwenye ziwa. Hiyo reli ya mlimani injinia wake alikuwa Robert Gerwig na ilikamilika 1873, kaa dirishani tu, usifungue simu.

Alafu kuna tramu. Tangu 2017 tramu ya njia D ya Strasbourg inavuka Rhine mpaka Kehl, unapanda chini ya stesheni kuu kabisa ya Strasbourg, unapita katikati ya mji, mara uko juu ya mto, mara matangazo ya Kijerumani. Nilivyopanda mara ya kwanza nilidhani wenzangu ni watalii, kumbe wanaenda kununua sigara! Ng'ambo ni nafuu kuliko Ufaransa, ukishuka Kehl maduka ya tumbaku yamejipanga na mtu anarudi na mfuko wake kwa tramu ileile kama katoka dukani kwa jirani. Beba pasipoti lakini, usidanganyike na hiyo raha, Ujerumani imerudisha ukaguzi kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu tangu Septemba 16, 2024, na polisi wanaweza kuingia ndani ya treni au tramu muda wowote.

Najua kuna watu watasema Basel. Sawa, sikatai, Basel kama fundo ni kubwa kuliko Strasbourg, na kama nia yako ni milima ya Uswisi basi lala Basel yaishe. Unalala hotelini wanakupa kadi ya kupanda tramu na mabasi ya mji bure, tramu namba 8 inakupeleka Weil am Rhein Ujerumani na namba 3 inakupeleka Saint-Louis Ufaransa, nchi tatu kwa tramu. Ila mfuko wako uwe mzito maana huko ni faranga, na wenyeji wenyewe wa Basel wanavuka mpaka kwenda kununua vitu, usishangae Jumamosi kuona tramu ya 8 imejaa mifuko ya nyama. Na Basel sio moja! Kuna stesheni ya Basel SBB, ya Waswisi, ambayo ndani yake ina kipande cha Wafaransa unapita kikorido cha forodha kukifikia, na kuna Basel Badischer Bahnhof upande wa pili wa mto, iko Uswisi lakini inaendeshwa na reli ya Ujerumani. Shemeji alishuka ya kwanza aliyoona imeandikwa Basel. Mimi nikashuka ya pili. Tumepigiana simu nusu saa kila mmoja anaapa yuko Basel stesheni, mbele ya saa kubwa, na wote tulikuwa tunasema kweli.

Freiburg nayo ina watu wake. Kama wewe ni mtu wa kutembea msituni kwa miguu lala huko au bora zaidi kijijini Schwarzwald kwenyewe, hoteli nyingi za huko zinatoa kadi ya KONUS, unapanda treni za kawaida na mabasi ya eneo hilo bure muda wote wa kukaa kwako. Freiburg ina vile vijito vidogo vya maji vinapita pembeni ya barabara, wanasema ukitumbukiza mguu kwa bahati mbaya utaolewa au utaoa huko. Shemeji alitumbukiza, tena wote miwili, dada yangu asisome barua hii.

Jambo ambalo makala yenu haikugusa kabisa ni viza, na kwa sisi tunaohitaji viza ya Schengen hilo ndo la kwanza kabla hata ya hoteli. Viza unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, na kama siku zinalingana basi nchi utakayoingia kwanza. Sasa angalia eneo hili lilivyo. Ukilala Strasbourg usiku wote sita na kuzunguka mchana tu, wewe ni mgeni wa Ufaransa, peleka makaratasi kwa Wafaransa. Ukisema hoteli Strasbourg ghali nilale Kehl, tramu si ipo, umeshakuwa mgeni wa Ujerumani, na makaratasi yanahama ubalozi kwa ajili ya daraja moja. Ukigawa, usiku miwili huku miwili kule miwili Basel, ndo unajitafutia maswali dirishani. Mji mmoja wa kulala unarahisisha hata fomu. Kuzunguka kati ya nchi hizo tatu hakuhesabiwi kama umetoka, Uswisi iko ndani ya Schengen tangu Desemba 2008, kwahiyo viza ya kuingia mara moja inatosha. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, na bima ya safari isipungue kinga ya euro 30,000.

Na kuhusu ughali wa Strasbourg, msomaji aangalie kalenda ya Bunge la Ulaya kabla hajalipa chochote. Bunge linakutana pale mara kumi na mbili kwa mwaka, siku nne nne, na wiki hiyo wabunge na wasaidizi wao na waandishi wanamwagika mjini, bei ya vyumba inaruka. Wiki inayofuata imeshuka. Desemba ndo usiulize, soko lao la Krismasi lipo tangu 1570 na dunia nzima inataka kulala pale. Hapo ndo Offenburg inakuwa na maana, mji wa kawaida hauna mambo mengi ila stesheni yake inafanya kazi (na viza ni ya Ujerumani, tumeelewana).

Sababu yangu nyingine ya kupenda fundo ni kwamba treni zinaharibika. Treni za masafa marefu za Ujerumani mwaka 2024 zilizofika kwa wakati zilikuwa asilimia 62.5 tu, na kwa wakati wao ni hata ikichelewa dakika tano. Na kuna ile ya Agosti 12, 2017, pale Rastatt, Ujerumani, walikuwa wanachimba handaki chini ya reli kubwa ya bonde la Rhine, ardhi ikatitia, reli ikapinda, ikafungwa mpaka Oktoba 2. Karibu wiki saba, reli inayobeba mizigo ya nusu ya Ulaya! Aliyekuwa amelala Strasbourg angeweza kwenda Basel kwa reli ya upande wa Ufaransa kama kawaida.

Kitu kimoja cha kufurahisha kabla sijamaliza, Ufaransa treni zinapita kushoto lakini ukiingia Alsace, eneo la Strasbourg na Colmar, zinapita kulia, kwa sababu kati ya 1871 na 1918 Alsace ilikuwa ya Ujerumani na reli zikapangwa kwa mtindo wa Kijerumani, na kwenye mpaka wa zamani wamejenga vidaraja ili njia moja iruke juu ya nyingine zibadilishane upande. Ukitoka Paris kaa macho, utaona mwenyewe.

Basi Mhariri, mkirudia makala ile, Colmar muiache kwenye picha, hakuna ubaya. Ila mwambieni mchora ramani wenu achukue kifutio, akifika Breisach afute mstari mpaka ng'ambo, na hapo kwenye maji aweke ile X ya yule mama wa dirishani.

Wenu msomaji wa kila wiki